Punje ya Pili Kwenye Boksi la Shaba

Shoga, sikia yaliyonikuta leo.

Asubuhi maabarani nimefungua boksi la shaba kama kawaida, nikaweka punje ya sumaku, nikawasha mawimbi ya redio ndani yake. Profesa akaingia, akaikodolea macho skrini ya vipimo. "Sumaku moja, mbona inacheza kama ina mwenzake?"

MWENZAKE! Nikachungulia ndani ya boksi. Punje niliyoipima Jumatatu sikuitoa, ilikuwa bado kwenye kona!

Hazigusani kabisa. Ila mawimbi ya boksi ni yaleyale, moja ikiyatikisa, nyingine inatikisika. Vipimo vya wiki nzima vimeharibika!

Profesa akamgeukia fundi wetu anayetunza mashine, aliyekuwa pembeni. "Mzee, umeniharibia mashine. Kesho usije."

Kesho usije! Mzee wa watu akaanza kukusanya vifaa vyake.

Mimi huyu, ninayeogopa hata kuuliza swali darasani, nikasikia sauti yangu:

"Si yeye, Profesa. Ni mimi niliyesahau punje ya Jumatatu ndani ya boksi."