Machozi ya Chupa

Karungu

Kwa dada yangu Truphena,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini hapo Magunga mnaendelea kupata nguvu, ingawa msiba haumwachi mtu upesi. Mimi sijambo kiasi. Jicho lililotolewa mtoto wa jicho sasa linaona. Nimeona hata vumbi juu ya kabati langu, mimi niliyezoea kujisifu kwa usafi.

Taabu ni ukavu. Jicho linawasha kama lina mchanga, na daktari amenikataza kulisugua. Amenipa matone ya kulainisha, akaniambia niepuke moshi. Nami napikia kuni, kwa hiyo napika uso nimeuelekeza mlangoni kama mgeni asiyetaka kukaa.

Dada, nimekupigia simu mara nyingi nikaishia kwenye salamu. Lililonikwama ni hili.

Siku ya mazishi ya mumeo, shemeji yangu Walter, Irine mke wa mwanao Cephas alinipokea njiani kabla ya lango. Macho yangu yalikuwa makavu kabisa. Unajua kwetu mtu haingii boma la msiba hivyo, sembuse shemeji. Nilimpa chupa anitie dawa. Akatia tone moja. Nikamwambia aongeze, tena aongeze, hadi mashavu yakalowa. Kisha nikapiga nduru, nikaingia.

Ukanishika uso mbele ya wanawake wote, ukasema huyu ndiye aliyempenda Walter. Ukamgeukia Irine, ukamwambia amekaa tangu asubuhi macho makavu kama mtu aliyefurahi, na matanga yakiisha arudi kwao Ntimaru. Naye ndiye aliyemlisha na kumwosha mzee alipougua. Chupa yangu ilikuwa mfukoni mwake. Alinitazama, akanyamaza. Nami nikanyamaza, nikapokea sifa zisizo zangu. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Machozi yale yalikuwa dawa, Truphena. Shemeji nilimpenda, lakini siku ile sikumlilia.

Jana nilimpigia Irine kumwomba msamaha. Matusi yako hakuyataja. Aliniuliza tu kama nimepata mtu wa kunitia matone, maana mkono wangu unatetemeka.

Nakuomba uwasomee barua hii wanawake waliokuwapo, kisha uende Ntimaru wewe mwenyewe ukamrudishe. Mimi nichukie ukitaka.

Nisalimie Cephas, umwambie mke wake hana kosa.

Ni mimi mdogo wako,
Filister