Dawa Isiyo Chungu

Kariakoo,
14 Machi 1982

Dada Euphrasia,

Shikamoo. Unga uliotuma umefika salama. Sabuni bado tunaipangia foleni duka la ushirika, na kikohozi changu kimepona.

Umeniuliza kazi ya ufamasia inaendeleaje. Inanitia kinyaa. Jumatatu mama mmoja wa Buguruni alirudi dukani kunishukuru. "Dawa yako ya malaria nzuri, daktari. Mwanangu analamba mpaka kijiko."

"Na homa?"

"Haijashuka. Leo siku ya nne."

Dada, wewe ni muuguzi, unajua klorokwini ilivyo chungu. Nilifungua chupa nyingine nikaonja. Maji ya sukari na rangi! Nilimpelekea mwenye duka chupa hiyo. Hata hakushtuka. "Dawa hakuna nchi nzima, Tarsis. Tuwarudishe mikono mitupu?" Alisema hivyo huku anatafuna sambusa, mafuta yanamchuruzika kidevuni.

Nilimbeba mtoto yule mwenyewe hadi hospitali. Wamemchoma sindano za kwinini, na jana aliketi akanywa uji.

Lakini chupa zile nimezigawa mimi, wiki tatu nzima, na kila moja ina sahihi yangu. Sijui zimeingia nyumba ngapi. Kesho asubuhi nazipeleka mbili polisi. Huenda wakanifunga na mimi, na ufamasia ukaishia hapo.

Mama usimwambie kwanza. Bado anawasimulia watu kanisani kwamba mwanawe anaponya wagonjwa.

Mdogo wako,
Tarsis