Viatu Alivyokushikia Mama

Mdogo wangu,

Hali yako sikuulizi, naisoma mtandaoni, kwenye kundi lenu la wapenzi wa bustani ya michezo. Ijumaa mlikuwa mnashindana nani ana mbwa mkubwa. Ukaweka picha ya Pipa na kuandika, "Huyu hulala miguuni pangu." Miguu ipi? Ulinitupia mbwa huyo miaka mitatu iliyopita, na ni mimi ninayeburutwa naye barabarani kila asubuhi.

Kisha mkahamia kwenye kumbukumbu. Ukasimulia vile viti vya kuzunguka hewani ulivyopanda bustanini utotoni, na mama chini ameshika viatu vyako visije vikamwangukia mtu. Wenzako wakakumiminia mioyo.

Uliyaandika hayo saa nane. Mama alikata roho saa saba, na nilikuwa nimeshakupigia mara tisa.

Tulimzika Jumamosi. Walipoita watoto wa marehemu waje mbele, tulisogea mimi na Pipa.

Viatu vyenyewe nimevikuta chini ya kitanda chake, vimepigwa rangi vinang'aa. Kawasimulie na hilo.

Ni mimi, dada yako, ambaye simu yake huipokei.