Pikapu Uliyonipa, Baba

Sindeni, Handeni

Baba yangu, shikamoo.

Mguu wako uliovimba umepungua? Na mama, kifua chake kinaendeleaje na baridi ya huko Bungu? Huku jua linatuchoma, lakini tunakula na tunalala, mimi, mume wangu Omari na watoto. Sikukupigia simu kwa makusudi. Ukipokea unaweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikia, na haya nataka uyasome peke yako.

Ni kuhusu pikapu uliyonipa.

Tangu tuishushe huku ilikuwa na tabia moja. Asubuhi inawaka vizuri, inakwenda kilomita tano au sita, halafu inaishiwa nguvu, inakohoa, inazimika. Ukiiacha robo saa inawaka tena kana kwamba haijakutenda kitu. Fundi mmoja wa Handeni mjini alibadilisha chujio la dizeli. Ikazimika. Akafungua pampu, akaifunga. Ikazimika. Mwisho akafuta mikono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, gari halina ugonjwa. Mchunguze anayeliendesha."

Anayeliendesha ni Hassani, mdogo wake Omari, ndiye anayetupelekea mahindi mjini. Neno lile lilinikaa. Akichelewa kurudi, nauliza alipita wapi. Akinawa mikono, najiuliza ananawa nini. Nikaamini anafyonza dizeli na kujazia maji. Siku moja nikafunga uzi mweusi kwenye mfuniko wa tangi, mwembamba, usioonekana. Kesho yake nikaukuta umekatika. Sikumwambia mtu, hata Omari. Wiki nzima nilimwandalia Hassani chai huku namchukia.

Kisha mama mkwe akabanwa na pumzi. Tukamlaza nyuma kwenye godoro, Hassani akaendesha, mimi nimemshika kichwa. Katikati ya pori, pikapu ikazimika. Mama wa watu anatafuta hewa haipati, na gari limekufa. Tukasimamisha bodaboda, nikapanda nyuma yake nimemkumbatia hadi hospitali. Alipata nafuu, alhamdulillahi. Lakini Hassani alipofika na gari, nilikuwa namsubiri kwenye ua wa hospitali, mbele ya watu.

"Umemuuza mama yako kwa dumu la dizeli," nikamwambia.

Aliweka ufunguo kwenye benchi, akaondoka kwa miguu.

Siku nne hakuonekana kwetu. Ya tano akaja na spana zake.

"Sikuja kwako, shemeji," alisema bila kunisalimia. "Nimekuja kujua kilichotaka kumuua mama."

Akachomoa mpira unaoleta dizeli kutoka kwenye tangi, akapiga pampu ya mkono. Dizeli ikaja kwa nguvu, ikapungua, ikakata. Akaupuliza mpira kwa mdomo, tukasikia mapovu ndani ya tangi. Alipopiga pampu tena, dizeli ikatoka.

"Kuna kitu humu," akasema. "Mafuta yakivutwa kinaziba, gari likipumzika kinaachia."

Tukainua gari kwa jeki, tukaweka mawe, tukateremsha tangi. Omari akamimina dizeli kwenye ndoo. Maji hayakuwemo hata tone. Hassani akaingiza waya uliopindwa, akavuta polepole, kikatoka kitambaa cheusi kwa uchafu. Nikakisuuza. Maua ya njano juu ya kijani. Baba, ni kipande cha pazia la sebuleni kwetu, lile mama alilolitafuta mpaka akamnunia shangazi akidhani amelichukua.

Nilibaki nimekishika. Halafu nikamuuliza Hassani, "Na mfuniko nani aliufungua?"

"Mimi. Nilikuwa nanusa. Nilidhani wewe unachanganya na mafuta ya taa."

Akaanza kulirudisha tangi. Hakuna aliyecheka.

Nimekwenda kwake, mbele ya mama mkwe nikamwomba radhi. Ameipokea kwa mdomo, lakini chai yangu bado anainywea nje akiwa amesimama. Pikapu sasa imefika hadi Korogwe na kurudi bila kuzimika hata mara moja.

Sasa wewe, baba. Nadhani mfuniko wa zamani ulipotea, wewe ukaziba tangi kwa kipande cha pazia, kikatumbukia, ukanunua mfuniko mpya. Hilo ni jambo la kawaida. Lakini mwaka wako wa mwisho na gari hili ulikwenda nalo msikitini tu na kurudi, na ukitaka kwenda Korogwe ulipanda basi. Ulituambia ni macho. Mbona mama akitaka kushona, wewe ndiye unayemtungia uzi kwenye sindano?

Ulijua gari linazimika? Niandikie kwa mkono wako, usimtume mtu. Kama ulijua, nitakasirika, na nitapanda Bungu tukaongee. Kama hukujua, basi nimemdhania vibaya mtu wa pili ndani ya mwezi mmoja, na nitakuomba radhi kama nilivyomwomba shemeji yangu.

Msalimie mama, umfunike vizuri kifua. Msalimie kaka mkubwa na mkewe, na bibi anayeuza viazi hapo jirani. Shangazi naye umsalimie, na pazia umweleze mwenyewe.

Ni mimi binti yako, ninayengoja jibu,
Zaina