Doti Zilizokatwa

Jumamosi, wiki moja baada ya Idi

Na mkasi nilimletea Baba mimi mwenyewe.

Khanga za dukani kwetu zilizobaki baada ya sikukuu tulikwenda kuzimaliza sokoni Bigwa, tukazitandaza juu ya turubai kwa bei ya kutupa. Jana Baba alikata kila doti katikati. Alisema watu waliozoea mitumba watanunua upande mmoja mmoja haraka. Tangu apunguzwe kiwandani sijamwona na furaha kama ile. Mama angemzuia, lakini yuko Ngerengere anamuuguza Bibi. Mimi nilijua kwamba khanga hununuliwa doti nzima, ikakatwe nyumbani. Nilinyamaza.

Wanawake walioshuka mlimani na mboga walizipenda rangi. Kisha mmoja akauliza, "Baba, mwenzake wa upande huu yuko wapi?"

Baba akampa pande zote mbili.

"Mbona zimeshakatwa? Nimpelekee mkwe wangu, aseme nimemvulia za kwangu?"

Wenzake wakacheka. Baba naye akacheka, akaendelea kunadi mpaka sauti ikakauka. Ziliuzwa chache mno, za kubebea watoto. Kodi ya duka haitatimia, mwisho wa mwezi tunarudisha ufunguo. Na chuo cha ushonaji nilichoahidiwa, sijui.

Wakati wa kukunja, Baba alitafuta kila upande na mwenzake, akawa anazilaza pamoja kama vile zitaungana.

"Mwanangu, ulijua?"

"Sikujua, Baba."

"Afadhali," akasema. "Nilidhani uliogopa kuniambia."