Saa ya Baba

Mwenzangu, uko hapo? Niko kwenye korido ya wodi, hasira zimenijaa.

Si unajua baba tangu alazwe, juu ya Parkinson yake, ule ugonjwa wa kutetemeka, ameanza na kuweweseka? Wakamvisha kifaa mkononi, kama saa hivi, kinapima mtetemo na usingizi ili wajue akili ikianza kupotea.

Leo daktari kaingia, macho kwenye tableti. "Hongereni! Mtetemo umeisha, siku mbili analala fofofo. Kesho aende nyumbani."

Umeisha?! Mkono wa baba unagonga chuma cha kitanda, ko ko ko, mbele yake! Hakumtazama hata mara moja!

Nikauliza, na kuweweseka je? Nesi akafungua faili. "Hapo bado kidogo. Tangu juzi analalamika kaibiwa saa."

Baba akamnyooshea kidole kaka yangu, anayelala naye hapa wodini. "Anayo huyo."

Kaka akavuta mkono wa shati harakaharaka akifiche, lakini nilishakiona kile kifaa. Mwenzangu, KAKIVAA YEYE! Eti baba alikuwa anakivua, akakivaa yeye kisipotee, akasahau. Siku mbili hospitali nzima inampima kaka! Jitu zima linakoroma kwenye kiti cha wageni, wao wanasema mgonjwa kapona!

Nimewawakia wote. Daktari, nesi, kaka, hakuna aliyesalimika.

Nilipomaliza, baba akaniangalia tu.

Maana juzi alinishika mkono, akaninong'oneza kwamba kaibiwa saa. Na aliyemwita nesi aje aandike kwamba baba anaweweseka ni mimi.