Karibu Twende Sote

Jumatano, 20 Oktoba 2021

Leo mawili. Mama mkwe ametoka eda, na mimi nimeahidiwa fungate.

Niliolewa Agosti, miezi miwili kamili leo. Akdi baada ya Alasiri, watu kumi ndani ya majlis, sebule ya wageni, barakoa usoni, hapana ngoma, hapana vigelegele. Baba yake Yaqdhan alifariki Juni kwa korona na Mama alikuwa ndani ya eda, chumbani mwake. Sikulalamika. Nilimtaka Yaqdhan, si ngoma. Lakini hatujapata kuwa peke yetu hata siku moja. Nyumba hii ya Mabela ni kubwa, ila ukuta wa chumba chetu ndio ukuta wa chumba cha Mama. Nikicheka, nacheka ndani ya mto.

Leo karudi kutoka kazini Qurum na lile tabasamu lake la upande mmoja — nafa na tabasamu lile — akanipa simu nitazame. Meli! Ya humu humu nchini, kwa vile kwengine hakwendeki bila ya karantini. Inaondoka bandari ya Matrah Alhamisi tarehe 25 Novemba, likizo ya Siku ya Taifa, inakwenda hadi Khasab, kaskazini kabisa, na kurudi. Usiku tatu. Chumba cha watu wawili, dirisha la mviringo.

Kasema, "Rawan, usiku tatu utacheka unavyotaka."

Nimeandika jina lake pembeni mwa ukurasa mara tano, kama mtoto wa skuli.

Ijumaa, 22 Oktoba

Nina hasira na ulimi wangu.

Chakula cha mchana, sinia la pilau katikati. Ijumaa ya kwanza Mama kula nasi sebuleni tangu atoke eda. Yaqdhan akamwambia habari ya meli, kwani haifai mama asikie safari ya mwanawe kwa watu. Na mimi, kwa vile nimelelewa, nikasema linalosemwa: "Karibu twende sote, Mama."

Jibu lake kila mtu analijua. Ni kama mtu akikukuta unakula. Unamwambia karibu, anasema ahsante nimeshiba, anapita. Mama alitakiwa aseme, "Nyinyi nendeni, Mungu awape kheri." Mama akatafuna. Akanywa maji. Akasema, "Haya. Nnakuja."

Mkono wa Yaqdhan ukasita juu ya sinia. Mimi nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Tumefurahi, Mama. Alhamdulillahi.

Chumbani Yaqdhan akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani alikutuma?"

Nani alinituma. Ningenyamaza, ungeniita sina adabu.

"Basi mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Kuwa ni fungate."

Kafikiri. Kasema atamwambia.

Jumapili, 24 Oktoba

Hajamwambia.

Na Mama naye kamkaribisha wifi yangu Hamdiya. Kwa simu, mbele yangu, kwa adabu hiyo hiyo. Hamdiya hakungoja hata amalize. Anakuja na mumewe Muatasim na watoto wao wawili. Nilimsikia mwenyewe upande wa pili, "Loai! Atheer! Tunakwenda melini na bibi!"

Ukoo mzima huu hakuna anayejua kukataa?

Jumatano, 27 Oktoba

Chumba chetu hakipo tena.

Mama kamwambia Yaqdhan, "Kwa nini tutengane, mwanangu? Bahari ina mambo yake." Yaqdhan akapiga simu kwenye kampuni ya meli, akabadilisha. Sasa ni vyumba viwili vya vitanda vinne vinne, vya juu na chini. Wanaume kwao: yeye, Muatasim na Loai. Wanawake kwao: Mama, Hamdiya, Atheer na mimi.

Mimi kitanda cha juu. Mama chini yangu. Hiyo ndiyo fungate.

Nilimwomba anitoe nje ya nyumba kidogo, kwa sababu humu hata kugombana hatuwezi. Tukaenda mpaka Qurum, tukaegesha mbele ya bahari, vioo juu. Nikapiga kelele, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nikamwambia, niliolewa na mwanamume mwenye nguo nyeupe na uso mzuri, sikujua una kauli moja tu: naam, Mama. Akanitazama na yale macho yake. Akasema, "Wewe ndiye uliyemkaribisha, habibti."

Kweli. Ndiyo maana nilizidi kukasirika.

Kisha akaninunulia aiskrimu ya pistachio. Nikaila. Najichukia.

Ijumaa, 5 Novemba

Mama anafunga mizigo. Zimebaki wiki tatu na mizigo imejaa korido.

Mkeka. Birika mbili. Thermosi tatu za kahawa. Tende. Halua ya kula na halua ya kuwapa "watu wa meli". Na papa mkavu, kifurushi kizima, ndani ya mifuko mitatu na bado ananuka mpaka kwenye ngazi.

Nikasema, "Mama, melini kuna chakula."

"Chakula gani? Kuna papa?"

"Hapana, Mama."

"Basi."

Nakitto, Mganda anayetufanyia kazi za nyumbani, alikuwa anakunja mkeka. Akaniuliza pembeni, "Madam, na mimi niko kwenye hiyo meli?" Nikamwambia hapana, yeye anapumzika siku nne. Akashusha pumzi. "Afadhali. Hiyo samaki na mimi chumba kimoja, hapana." Tulicheka sote wawili. Mama akauliza tunacheka nini. Tukasema hatucheki.

Usiku huwa nasikia Mama anatembea upande wa pili wa ukuta. Anakwenda mpaka dirishani, anarudi. Sijui hulala saa ngapi. Na hilo pia linanikera.

Jumapili, 7 Novemba

Kampuni ya meli imeleta masharti. Kila abiria awe amechanjwa dozi mbili, na ya pili iwe imetimiza wiki mbili kabla ya safari. Fomu inataka vitambulisho tu. Vyeti watavitazama bandarini, getini. Asiye na cheti harudishiwi chochote ila njia ya kurudia.

Mambo ya fomu yote ni yangu, kwa sababu nilimaliza skuli na kwa sababu mimi ndiye bibi harusi. Nikachukua simu ya Mama nimtolee cheti chake. Nikaingiza nambari ya kitambulisho, nikangoja.

Dozi moja. Aprili. Ya pili hamna.

Nikatazama tena. Moja.

Nikahesabu siku kwa vidole. Kutoka tarehe 25 kurudi nyuma wiki mbili ni Alhamisi hii, tarehe 11. Baada ya hapo hawezi tena kupanda.

Mama alikuwa kwenye kochi anamenya chungwa. "Tayari, mwanangu?"

Nikasema, "Tayari, Mama."

Jumatatu, 8 Novemba

Sijasema.

Nilimuuliza Nakitto kama anajua kitu. Anajua. Miadi ya dozi ya pili ilikuwa Juni, siku tatu baada ya mazishi. Yaqdhan alileta gari mlangoni. Mama akasema mwenye eda hatoki. "Bosi alimwambia madaktari wanaruhusu, sheikh anaruhusu. Yeye akasema, waruhusu wao, mimi nimekaa. Gari ikarudi." Kisha eda ikaisha, na hapana aliyekumbuka.

Mimi si mtu mbaya. Najiuliza tu: ningekuwa sikufungua ile simu? Watu wangapi hawafungui simu za wakwe zao?

Dirisha la mviringo nimeliota.

Jumanne, 9 Novemba

Nimesema.

Nilimwambia Yaqdhan. Niliona siri hii inanila, nikamwambia kwa sababu ni mume wangu na nilitaka aniambie, "Ahsante Rawan, kesho nampeleka."

Alikaa kitandani, akavua kofia, akaizungusha mkononi. Kisha tabasamu lile. La upande mmoja.

"Usimwambie," akasema.

Sikumfahamu mwanzo. Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa hesabu ya kazini. Tutakwenda bandarini sote. Getini wao ndio watakaomrudisha Mama, si mimi wala si wewe. Hamdiya hatomwacha arudi peke yake, atarudi naye, na watoto, na Muatasim. Sisi tutakuwa tushapanda. "Chumba kizima chetu. Ulikitaka au hukukitaka?"

"Na Mama?"

"Atahuzunika siku moja. Lakini hapana atakayekuwa amemkatalia."

Hapana atakayekuwa amemkatalia! Mtu mzima, ana ndevu, ana wadhifa ofisini, anataka mlinzi wa bandari amwambie mama yake neno ambalo yeye limemshinda tangu Oktoba. Amsimamishe pale na papa wake na thermosi zake, mbele ya foleni, na mwanawe yuko ndani ya meli anamfungulia mkewe dirisha.

Nilimwambia hayo yote. Kwa sauti ya chini, kwa sababu ya ukuta. Hasira ya kunong'ona ni mbaya kuliko ya kelele, inabaki kifuani.

Akasema, "Nafanya kwa ajili yako."

Usinitwishe hilo mimi. Kilichonichoma sana ni kuwa niliwaza hilo hilo tangu Jumapili, neno kwa neno, na sikuona ubaya wake mpaka nilipolisikia kinywani mwake. Tena anasema huku anatabasamu. Nilikuwa nafa na tabasamu lile.

Nimelala ukingoni. Yeye kalala fofofo.

Jumatano, 10 Novemba

Yaqdhan kaenda kazini bila kunywa chai. Kaleta ujumbe: moyo mwekundu, halafu, "Tumekubaliana?" Sikujibu.

Mchana Mama kaniita chumbani kwake. Sijaingia humo zaidi ya mara nne. Kitanda, msala, kiti kimoja kimeelekezwa dirishani. Anataka nimsaidie kuchagua abaya za safari. Akazikosoa zangu kwanza. Nyepesi, na mikono imebana, na hiyo ya kijani Mungu anisamehe.

Kisha akauliza, "Madirisha ya meli hufunguka?"

"Sidhani, Mama."

"Basi nitakaa nje, kule juu. Hata kukiwa na jua."

Hapo nikasema, na sijui kwa nini nilisema kwa ukali, "Mama, wewe ulijua kuwa safari ile ilikuwa yetu wawili?"

Akanitazama. Hakushtuka. "Nilijua. Mimi si mtoto. Ulinikaribisha kwa adabu na mimi nilikuwa nimeshaliweka jibu mdomoni." Akakunja abaya, akaikunjua, akaikunja upya. "Nikaona nikilisema, chakula kitaisha, nitanawa, nitarudi kwenye kiti hiki."

Miezi minne na siku kumi. Alikuwa anazihesabu, kaniambia, na zilipokwisha hapana aliyegonga mlango kumwambia haya, twende. Yaqdhan alimletea televisheni.

Bado nina hasira naye. Nataka niandike hivyo, isije ikaonekana kuwa nimelainika. Alijua, na akaja, na kamleta Hamdiya, na kaniweka kitanda cha juu. Angeweza kuomba safari yake mwenyewe. Lakini kaniambia usoni. Katika nyumba hii yeye tu ndiye aliyenambia kitu usoni.

Nikamwambia, "Mama, kesho asubuhi vaa. Nakutoa."

"Wapi?"

"Kuchanjwa. Dozi yako ya pili huna."

Akakaa kwenye kile kiti. Akasema, "Tukitoka saa mbili tutawahi?"

Alhamisi, 11 Novemba

Naandika kwa kalamu ya watu, kwenye goti, ndani ya ukumbi wa chanjo.

Tumetoka saa mbili kasoro. Mimi naendesha, Mama kakaa mbele pembeni yangu, mkoba mapajani, kashika mkanda kwa mikono miwili kama anaendesha yeye. Nilikuwa sijamwambia Yaqdhan. Nakitto kaniandikia kuwa yeye kamwambia, bosi alipopiga simu ya nyumba. Hana kosa, aliulizwa.

Foleni ilikuwa fupi. Mama aliingia nyuma ya pazia, akatoka kashika pamba begani. Kwa sheria lazima akae dakika kumi na tano watazame kama hatodhurika. Wamemweka kwenye safu ya viti, kimoja kinakaliwa, kimoja kina alama ya msalaba kisikaliwe. Mimi niko ng'ambo na wasindikizaji.

Alipokaa tu simu yake ikalia. Mama hajui kusikiliza simu sikioni, daima huiwasha spika. Ukumbi mzima tukamsikia Yaqdhan.

"Mama, umeshachanjwa? Alhamdulillahi. Usimkasirikie Rawan, kasahau tu. Mimi nilimwambia tangu Jumanne akupeleke."

Kwa sauti tamu. Ile ile ya "usiku tatu utacheka unavyotaka."

Mama akaikata simu. Akaitia mkobani, akafunga zipu. Kisha akaniuliza kutoka kule kule aliko, mbele ya watu, "Kweli alikwambia?"

Hapo hapo muuguzi akapita kati yetu na kitoroli, na mimi nikainama nikatoa daftari, kwa sababu mikono ilikuwa lazima ifanye kitu.

Nikimjibu "kweli", mimi ndiye niliyesahau, na yeye mwana mwema, na tunapanda meli sote tarehe 25, na nitalala na uongo wake kila usiku chumba kimoja. Nikimjibu "si kweli", namvua nguo mbele ya mama yake, hapa, saa tatu asubuhi. Mume wangu. Jina lake nililoliandika mara tano.

Simu yangu inatikisika mfukoni. Ni yeye. Sipokei.

Zimebaki dakika sita. Mama kaiondoa barakoa kidogo apate pumzi. Hakunitolea macho, hakuniita. Kakiangalia kiti cha pembeni yake, chenye msalaba, akakigonga kwa kiganja.

Mlinzi anamwambia hapakaliwi hapo.

Anakigonga tena.